Nani alikuwepo? Vifo vya Anna Karenina na mikono ya waliobaki

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa fasihi, niko Iringa. Kikundi chetu cha usomaji kimemaliza Anna Karenina ya Tolstoy na tumegombana. Kila ukifungua kuna mtu anakufa, au anataka kufa, au anaota kifo. Wenzangu wanasema jambo liko wazi: mlinzi aliyepondwa na treni mwanzoni ni mkosi, na kifo cha Anna ni adhabu ya Mungu kwa mke mzinzi, ndiyo maana mwandishi ameweka aya ya Biblia ukurasa wa kwanza. Mimi moyo unakataa ila hoja sina. Halafu, kwa nini sura moja tu katika kitabu kizima ndiyo imepewa jina, "Kifo", na si ya Anna bali ya Nikolai, kaka yake Levin (yule mwenye shamba, mhusika mkuu wa pili), mtu ambaye hata hatumjui vizuri?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kugombana hivyo ni dalili kwamba kitabu kimesomwa. Vikundi vingi ninavyovijua huishia kugombania nani atalipia soda.

Moyo wako haujakudanganya. Tuanze stesheni, kwa sababu ndiko wenzako wanakoegemea.

Ni Moscow, baridi kali. Anna amefika kutoka Petersburg kumpatanisha kaka yake, Oblonsky, na mkewe aliyegundua kwamba mume ana mwanamke wa nje. Ndani ya behewa amesafiri na mama yake Vronsky, ofisa kijana atakayekuwa mpenzi wake, na Vronsky amekuja kumpokea mama. Wameonana kwa mara ya kwanza pale mlangoni. Mara watu wanakimbilia nyuma ya treni. Mlinzi wa reli, ama kalewa ama kajifunika masikio mno kwa ajili ya baridi, hakusikia treni ikirudi nyuma, ikampitia. Oblonsky anakwenda kutazama, anarudi nusura alie: mke wa marehemu kajitupa juu ya maiti. Mtu mmoja anasema marehemu alikuwa akilisha familia kubwa. Anna anauliza kama hakuna namna ya kumsaidia yule mama. Vronsky anamtupia jicho, anatoka bila neno. Baadaye mkuu wa stesheni anamfuata mbio kuuliza zile rubli 200 alizomwachia msaidizi wake ni za nani. Za mjane, anajibu akipandisha mabega, kana kwamba hakuna cha kuuliza.

Rudi kwenye ukurasa huo uangalie mpangilio. Fedha imetoka mfukoni baada ya Anna kusema, si kabla. Mjane kasaidiwa, sawa, na rubli 200 enzi hizo si za mchezo. Lakini maiti imegeuka kuwa nafasi ya kijana kuonwa na mwanamke mzuri. Tolstoy hamhukumu, anamwachia Anna alinuse mwenyewe. Siku hiyohiyo anapozungumza na Kitty, mdogo wake mke wa Oblonsky, juu ya Vronsky, zile rubli 200 anazinyamazia. Anahisi ndani ya fedha ile mlikuwa na jambo lililomhusu yeye, jambo ambalo halikupaswa kuwapo.

Hapo ndipo nilipopata kipimo ninachotembea nacho riwaya nzima, na ndicho ninachokupa wewe. Ukifika kwenye kifo chochote humu, acha kwanza kutafuta kinaashiria nini. Uliza nani alikuwepo, na mikono yake ilikuwa ikifanya nini.

Sasa huo mkosi. Wakitoka stesheni midomo ya Anna inatetemeka, anamwambia kaka yake kwamba ni ishara mbaya. Kaka mtu anasema upuuzi, umefika salama, hilo ndilo kubwa. Nani basi kasema ishara? Anna. Msimulizi kanyamaza. Ruka hadi siku ya mwisho, kwenye kituo cha Obiralovka: anatembea jukwaani, hajui aende wapi, ndipo anapomkumbuka yule mtu aliyepondwa siku alipoonana na Vronsky mara ya kwanza, na hapohapo anajua la kufanya. Tukio la mwanzo halikumvizia njiani kama jini. Alilibeba mwenyewe kichwani miaka yote ile, na siku mambo yalipomzidi akalitoa akalitumia. Ukiwaambia wenzako hivyo watakurudishia ndoto, na hapo wana haki ya kukubana: Anna na Vronsky wote wawili wanamwota mkulima mdogo, mchafu, ndevu zimemtimka, akibwabwaja Kifaransa juu ya kufua chuma. Watu wawili ndoto moja, na mkulima yuleyule anarudi kwenye mistari ya mwisho ya uhai wa Anna. Siwezi kukwambia hilo ni bahati tu. Ila wakumbushe kitu kimoja. Katika ndoto hiyo mtumishi wake anamwambia atakufa kwa uzazi, naye akaamini kabisa. Hakufa kwa uzazi.

Tolstoy mwenyewe alikuwa na maiti ya stesheni kichwani. Januari 1872, kwenye stesheni ya Yasenki karibu na shamba lake la Yasnaya Polyana, mwanamke aitwaye Anna Stepanovna Pirogova alijitupa chini ya treni. Alikuwa mtunza nyumba na mpenzi wa jirani yake, Bibikov, aliyekuwa amemgeukia mwalimu wa watoto. Tolstoy alikwenda akaiona maiti ikifanyiwa uchunguzi. Mwaka uliofuata alianza kuandika.

Kifo cha pili ni cha farasi, na hapa lugha yetu inatufanyia vituko. Kwa Kirusi Frou-Frou, farasi wa mbio wa Vronsky, ni jike katika kila kitenzi. Msomaji wa kule hawezi kusahau. Sisi tunasema "alianguka", "alimtazama", na mtu akiingilia katikati ya ukurasa hawezi kujua kama aliyeanguka ni farasi, ni Vronsky au ni Anna. Nilipokuwa nikijifunza Kirusi nililiona hilo kuwa hasara. Siku hizi nashuku Tolstoy angelipenda.

Vronsky anaongoza mbio za Krasnoe Selo, amebakiwa na mfereji mmoja wa maji. Frou-Frou anauruka kama ndege. Vronsky kachelewa kuufuata mwendo wake, anajibwaga kwenye tandiko wakati usiofaa, uti wa mgongo wa farasi unavunjika. Yeye hana hata mchubuko. Na jambo la kwanza mwili wake unalofanya, taya likimtetemeka, ni kumpiga yule mnyama teke la tumbo kwa kisigino na kuvuta hatamu ili ainuke. Farasi anamtazama tu kwa lile jicho lake linalosema. Wanaamua apigwe risasi. Walimu wengi hufundisha kwamba Frou-Frou ni Anna, nukta. Hesabu hiyo ni nyepesi mno kwangu. Ninachoona mimi ni mtu aliyeharibu kitu asichoweza kukitengeneza, na mguu wake ukatangulia moyo.

Halafu kuna kifo ambacho hakikuja. Anna anajifungua mtoto wa Vronsky, anashikwa na homa ya uzazi, madaktari wanasema katika watu mia wagonjwa wa hivyo 99 hufa. Karenin, mume, anapata simu ya maandishi ya kuombwa msamaha, anasafiri, na njiani hawezi kulifukuza wazo kwamba mkewe akifa mambo yote yatakuwa yamejimaliza. Huyo ndiye Karenin tunayemfahamu, mtu wa faili. Anafika kando ya kitanda, anapiga magoti, analia, anamsamehe, anamtoa Vronsky mikono usoni ili Anna amwone. Baadaye anakuwa akiingia chumba cha mtoto mchanga, binti wa mwanamume mwingine, binti dhaifu ambaye msimulizi anatuambia wazi kwamba angekufa kama si Karenin kumshughulikia. Hakuna mahali pengine katika riwaya nzima ambapo mtu huyu ana mikono. Kisha Anna anapona, na msamaha uliofaa kwa kitanda cha mauti unakuwa mzito kupita kiasi kwa meza ya chai.

Vronsky kwa upande wake anakwenda kwake anajipiga risasi ya kifua, anaukosa moyo. Mtumishi wake, bwana mtanashati mwenye masharubu ya mashavuni, ambaye siku zote hulalamika ana mishipa dhaifu ya fahamu, anamkuta bosi wake sakafuni, anaogopa, anamwacha akivuja damu anakimbia kutafuta msaada. Ni sentensi moja tu ya pembeni, inachekesha hata. Unaona kipimo kinavyofanya kazi?

Sasa Nikolai, ambaye ndiye swali lako hasa.

Riwaya ina sura 239 katika sehemu nane. Zote zina namba tu, isipokuwa sura ya 20 ya sehemu ya tano, ambayo juu yake kaandika neno moja, Smert. Ningekuwa ninaitafsiri ningesema "Kifo" kama ulivyosema, si "Mauti". Mauti yana uzito wa msikitini na kanisani, yanamwinamisha msomaji kichwa kabla hajaona chochote. Tolstoy alitaka neno kavu la kila siku. Ijapokuwa, nikisema kweli, kinachosimuliwa ndani ni sakaratul mauti yenyewe, hatua kwa hatua, na lugha yetu ina neno hilo tayari wakati lugha nyingi zinalizunguka kwa maelezo.

Nikolai Levin ana kifua kikuu. Yumo kwenye hoteli ya mji mdogo, chumba kichafu chenye harufu, pamoja na Marya Nikolaevna, mwanamke aliyemtoa danguroni wakaishi wote. Konstantin Levin anapata habari, anataka kwenda peke yake. Kitty, mke wa miezi michache, anang'ang'ania kwenda. Levin anakasirika, anaona aibu mkewe akae chumba kimoja na mwanamke wa namna ile. Mwishowe wanakwenda wote.

Levin anaingia, na hawezi kuangalia. Anaona mwili uliolala lakini hawezi kujiuliza umelalaje pale chini ya blanketi, mgongo uko vipi, miguu iko vipi, kama inawezekana kumlaza vizuri kidogo. Wazo la kuchunguza mambo hayo linamtia baridi mgongoni. Anatoka, anaingia, anatoka tena. Kitty anaingia, na yale ambayo mumewe hathubutu kuyaangalia ndiyo anayoyaangalia. Anaagiza daktari, anatuma mtu duka la dawa, anamweka mtumishi wake na Marya Nikolaevna wafagie na kuosha, mwenyewe anafua na kusugua, mashuka yanaletwa, foronya, taulo, mashati. Sisi tunasema mgonjwa haulizwi uji. Kitty hamuulizi. Levin akirudi chumbani anakuta kila kitu kimebadilika, na ile harufu nzito imeondolewa na siki iliyochanganywa na manukato, ambayo Kitty anaipuliza kwa kijibomba, midomo ameichongoa, mashavu yamefura na kuwa mekundu.

Kaa na hayo mashavu. Kuna mtu anakufa mita mbili kutoka pale, na Tolstoy anatuonyesha mashavu ya mwanamke kijana yaliyofura kama ya mtoto anayepuliza puto.

Kisha shati. Wanambadilisha mgonjwa shati. Mgongo mrefu mweupe, mabega yametokeza mifupa, mbavu na pingili za uti zinahesabika. Mhudumu na Marya Nikolaevna wametatanisha mkono wa shati, wameshindwa kuupitisha mkono mrefu uliolegea. Kitty anasogea haraka. Nikolai anafoka asikaribie. Anaona haya kuwa uchi mbele ya shemeji. Kitty anaelewa mara moja, anamwambia haangalii, anauingiza mkono kwenye shati. Mtu aliyewahi kuuguza anajua sanaa hiyo ya kutoangalia huku mikono ikifanya kazi. Mtu asiyewahi ataipita sentensi hiyo bila kuiona.

Levin analala usiku huo akiwaza kwamba wanaume wengi wenye akili wamewaza juu ya kifo, amewasoma, lakini hawajui hata sehemu moja ya mia ya wanayoyajua mkewe na Agafya Mikhailovna, bibi kizee mtunza nyumba yake. Wale wawili hawawezi kukujibu kifo ni nini. Lakini hawana wasiwasi hata kidogo juu ya lipi lifanywe sasa hivi, na hawawaogopi wanaokufa.

Usidhani Tolstoy anatupambia mambo. Nikolai anapewa sakramenti, anaomba kwa bidii, anapata nafuu ya ghafla, hakohoi saa nzima, anatabasamu, anaomba hata kababu ya nyama. Nusu saa baada ya kusinzia kikohozi kinamwamsha, na matumaini yote yanakufa. Anamwambia nduguye kwamba ile ilikuwa ni kuigiza tu kwa ajili ya Kitty kwa kuwa ni mpenzi mno, lakini wao wawili hawawezi kudanganyana. Huku akisema hivyo amekumbatia kichupa cha iodini anavuta mvuke wake, kwa kuwa kuna daktari kasema hutenda maajabu. Siku zinapita na hafi. Wote waliomo chumbani, mgonjwa mwenyewe akiwemo, wanatamani jambo moja tu, afe upesi. Wote wanalificha, na wanaendelea kumpa dawa kwenye chupa. Nimeuguza watu wawili maishani mwangu hadi mwisho na sijasoma kwingine ukweli huo ukisemwa bila kumdhalilisha mtu.

Siku moja Marya Nikolaevna anasema leo atakufa. Kwa nini? Ameanza kujivutavuta, anasema, na anaonyesha kwa kuvuta mikunjo ya gauni lake la sufi. Kirusi chake ni kitenzi obiratsa. Ukiweka sikio unaisikia Obiralovka humo ndani, stesheni atakayofia Anna. Stesheni hiyo ni ya kweli, ilikuwako kando ya reli ya Nizhny Novgorod, kwa hiyo sikuuzii kama nia ya mwandishi. Ila tangu nilisikie sijaweza kuacha kulisikia.

Padri anasoma sala ya wanaokufa. Anagusa paji la uso kwa msalaba, anangoja dakika mbili kimya, anaugusa mkono mkubwa uliopoa, anasema, ameisha. Anataka kuondoka. Mara masharubu ya maiti yanatikisika, na kutoka kifuani, katika ukimya ule, sauti inasikika wazi na kali: bado kidogo, karibu. Dakika moja baadaye uso unanawiri, na akina mama waliokusanyika wanaanza kumtengeneza marehemu.

Swali lako ni kwa nini sura hii. Kwa mawazo yangu ni kwa sababu hiki ndicho kifo pekee humu ambacho watu wamekaa nacho tangu mwanzo hadi mwisho. Mlinzi alipitiwa, farasi alipigwa risasi, Anna alikuwa peke yake. Nikolai ndiye tu aliyekufa mbele ya watu waliokuwa wanamgeuza ubavu na kumpigia mto. Na ukitaka kujua kwa nini Tolstoy alikijua chumba hicho namna hiyo, angalia ndugu zake. Kaka yake Nikolai alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1860 huko Hyères, kusini mwa Ufaransa, na Tolstoy alikuwapo. Lakini Nikolai wa riwaya amechukuliwa zaidi kwa Dmitri, aliyekufa Oryol mwaka 1856, kifua kikuu pia, akiuguzwa na Masha, mwanamke aliyemnunua kutoka danguroni. Tolstoy alifika kumwona akitokea Petersburg, kichwa kimejaa dansi na wakubwa. Uzeeni akaandika bila kujitetea: alimhurumia kaka yake, lakini kidogo tu, akageuza, akaondoka, na Dmitri akafa siku chache baadaye.

Basi Levin ndiye Tolstoy aliyebaki chumbani. Ni kama mtu kuirudisha miaka ishirini nyuma ili akae kwenye kiti alichokiacha wazi. Na alipokuwa akiiandika riwaya, kati ya 1873 na 1877, nyumba yake mwenyewe ilizika watoto watatu wadogo na mashangazi wawili waliomlea. Hakuhitaji kubuni sana.

Weka hayo kando ya Anna. Siku yake ya mwisho amezungukwa na watu tangu asubuhi: shemeji yake, mtumishi, dereva wa gari la farasi, abiria wanaoongea Kifaransa cha kujionyesha, mvulana anayeuza kinywaji jukwaani asiyembandua macho. Mkuu wa stesheni anapita kumuuliza kama anasafiri. Hakuna hata mmoja mwenye mkono wa kumgusa bega. Barua iliyomfikia kutoka kwa Vronsky ina mistari miwili, anasikitika hakupata taarifa yake mapema, atarudi saa nne usiku. Treni ya mizigo inaingia. Anataka kuangukia katikati ya behewa la kwanza, lakini mkoba wake mwekundu unamkwamia mkononi wakati anauvua, anachelewa. Anangoja la pili. Anashikwa na hisia ileile aliyokuwa nayo akitaka kuingia majini kuoga, anajipiga ishara ya msalaba, na desturi hiyo inamrudishia utoto wake wote kwa nukta moja. Akiwa chini tayari, magotini, kama mtu anayejiandaa kusimama tena, anajiuliza yuko wapi, anafanya nini, kwa nini. Anataka kuinuka. Amechelewa.

Mkoba huo mwekundu ni mikono. Kwa sekunde chache kitu cha nguo kilimshika kuliko mtu yeyote siku ile.

Nakuja kwenye aya ya Biblia. Kwa Kiswahili chetu cha Union inasema, "Kisasi ni juu yangu mimi, mimi nitalipa, anena Bwana." Ni Warumi 12:19. Waambie wenzako wafungue wasome mstari mzima, maana nusu waliyoisahau ndiyo inayotangulia: "msijilipize kisasi". Paulo anawafunga mikono wanadamu. Sasa tazama nani analipiza kisasi saa ile ya reli. Ni Anna. Anajisemea waziwazi kwamba atamwadhibu Vronsky na kuwaepuka wote na nafsi yake. Kwa hiyo kama aya ile ina kidole, kinaelekea pande nyingi, na upande mmojawapo ni wetu sisi wasomaji tunaopenda kugawa hukumu. Tena hoja ya wenzako imo tayari ndani ya riwaya, imesemwa na mhusika. Sehemu ya nane, stesheni, mama yake Vronsky anasema Anna ameisha kama alivyostahili kuisha mwanamke wa aina yake, hata kifo alichagua cha chini, cha aibu. Anajibiwa na Koznyshev, kaka wa Levin kwa mama: si sisi wa kuhukumu, mheshimiwa. Waulize kama wanafurahia kukaa benchi moja na yule bibi.

Papohapo stesheni yumo Vronsky, anakwenda vitani Serbia, jino linamuuma mpaka hawezi kuongea. Anatazama magurudumu ya treni yakija taratibu juu ya reli, na jino linanyamaza. Amekumbuka mwili ule ukiwa juu ya meza ya kibanda cha reli, mbele ya watu baki, kichwa hakikuguswa, na suka zake nzito. Walioukuta na kuubeba ni watu baki. Yeye alifika kuukuta umelazwa.

Levin na kamba sitakaa nayo sana kwa sababu wenzako lazima wameijadili: mtu mwenye afya, mke, mtoto, shamba, anaficha kamba asijinyonge, anaogopa kutembea na bunduki. Ni Tolstoy mtupu, alikiri baadaye kwamba alifanya hayohayo. Jibu analopata Levin kutoka kwa mkulima Fyodor, juu ya mzee anayeishi kwa ajili ya roho na kumkumbuka Mungu, linawaridhisha wasomaji wengine na wengine haliwaridhishi. Mimi hunipita juujuu. Chumba cha hoteli kilinishawishi zaidi kuliko yale mahubiri.

Kuna moja nililoliacha kwa makusudi. Sura iliyoitwa Kifo haiishii kwenye maiti. Kitty alikuwa akiumwa kichwa na kutapika siku zile za mwisho, wakadhani ni uchovu. Mstari wa mwisho wa sura ni daktari akithibitisha kwamba ana mimba. Msome huyo mtoto pamoja na Nikolai: funga sehemu ya tano, nenda moja kwa moja sehemu ya saba, sura ya 13 hadi ya 16. Levin amesimama chumba cha pili akisikia mkewe analia kwa uchungu, na kinachomjia akilini ni ile hoteli. Anaona kwamba msiba ule na furaha hii yote ni kama matundu katika maisha ya kawaida, na kupitia matundu hayo kuna kitu cha juu zaidi kinaonekana. Mara hii pia hana la kufanya kwa mikono yake, anashika tu na kushikwa. Mwenye mikono ni mkunga, Lizaveta Petrovna, anayempiga mtoto mgongoni kwa kiganja kinachotetemeka na kusema yu hai, yu hai, tena wa kiume.

Wanamletea Levin mtoto amtazame. Anatafuta upendo wa baba moyoni mwake hauoni. Anasikia huruma, na kinyaa, na hofu mpya kabisa, hofu kwamba kiumbe hiki kisichojiweza kinaweza kuumia. Hofu ni kubwa kiasi kwamba karibu asitambue furaha ya kijinga, na hata majivuno, yaliyompata pale mtoto alipopiga chafya.